Umri wa tanuru la gesi: tuliyoyapitia hadi siku ya kulibadilisha

Ukiuliza tanuru la gesi la kupasha nyumba joto hudumu muda gani, utajibiwa miaka 15 hadi 20. Jibu hilo si la uongo. Yapo yanayofika 25 na hata kuvuka 30, hasa yale ya zamani ya chuma kizito, na yapo yanayokufa kabla hayajatimiza 12. Tabu ni kwamba jibu hilo halikusaidii kitu siku fundi anaposimama mbele yako, nyumba imepoa, watoto wamevaa makoti ndani, naye anakwambia mashine imezeeka. Sisi tumesimama hapo zaidi ya mara moja kabla ya kuling'oa la kwetu. Ninamwandikia mwenzangu aliyehamia nchi ya baridi, akanunua nyumba, na sasa anasikia ngurumo asiyoielewa kutoka chumba cha chini.

Nyumba tuliinunua pamoja na tanuru lake. Ripoti ya mkaguzi ilikuwa na mstari mmoja tu juu yake: linafanya kazi, limekaribia mwisho wa umri wake. Muuzaji naye alisema ni la juzi juzi. Kujua nani mkweli si kazi kubwa. Zima umeme wa tanuru, ondoa kifuniko cha mbele, tafuta kibandiko cha mtengenezaji. Wengine huandika mwezi na mwaka waziwazi. Wengine huuficha ndani ya namba ya mfululizo, mara nyingi tarakimu mbili za wiki na mbili za mwaka, na mtengenezaji akiulizwa hukwambia jinsi ya kuisoma. Tazama pia kama mafundi waliopita wameacha tarehe zao kwa kalamu ya wino mzito pembeni, maana wengi wana mazoea hayo. La kwetu lilikuwa na miaka 17. Piga picha kibandiko hicho uihifadhi kwenye simu. Utaulizwa habari zake kila utakapomwita fundi.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kujifunza linavyowaka, hatua kwa hatua. Thamostati, kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto, ikiomba joto, kwanza inaanza feni ndogo inayovuta moshi kuelekea nje. Swichi ya shinikizo inathibitisha kuwa moshi una njia. Kiwashio kinaiva hadi kuwa chekundu cha machungwa, vali inafungua gesi, moto unashika. Sensa inathibitisha kuwa moto kweli upo. Baada ya nusu dakika hivi ndipo feni kubwa inaanza kusukuma hewa vyumbani. Hewa hiyo haigusani na moto. Inapita nje ya chemba za chuma ambazo ndani yake moto unawaka. Chemba hizo ndizo kibadilisha joto, na ndizo zinazoamua kama tanuru linaishi au limekufa. Vingine vyote ni vipuri. Ukishaushika mfuatano huu, utaweza kumwambia fundi kwa simu kuwa "feni ndogo inaanza, kiwashio kinaiva, lakini gesi haifunguki," naye atakuja na kipuri sahihi badala ya kuja mara mbili na kukutoza mara mbili.

Msimu wa kwanza wa baridi, usiku wa manane, lilianza vituko. Linawaka, linazima baada ya sekunde chache, linajaribu tena, linazima. Mwisho likajifungia kabisa, na taa ndogo kwenye bodi ya umeme ikawa inakonyeza. Maana ya mikonyezo hiyo imebandikwa nyuma ya kifuniko, lakini usiku ule hatukuyajua hayo. Mimi na mume wangu tulikaa jikoni tumejitanda mablanketi, tukipiga hesabu ya tanuru jipya na kuangalia akiba tuliyoiweka kwa jambo jingine kabisa.

Asubuhi fundi alilegeza skrubu moja tu, akachomoa kijiti cha chuma chembamba kuliko penseli, chenye shina jeupe la kauri. Akanisogezea tochi nione. Juu ya chuma kulikuwa na utando wa kijivu, mwembamba kiasi kwamba ukucha hauuhisi. Hiyo ndiyo sensa ya moto. Umeme kidogo sana hupita kutoka kwenye kijiti kupitia ndimi za moto, na bodi ikiupata hujua kuwa gesi inaungua na haivuji bure. Utando ukiuzuia umeme huo, bodi hudhani hakuna moto na kufunga gesi, kama inavyotakiwa. Akakisugua kijiti kwa msasa laini, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akakirudisha, na tanuru likaunguruma. Kilichotuuma mfukoni ni malipo ya kumwita mtu asubuhi ya dharura. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha hitilafu za vipuri na hitilafu za mwili wa tanuru. Kiwashio hufa, kukaa miaka mitano kisha kuvunjika si ajabu, na vya siku hizi vya silikoni naitraidi hudumu zaidi ya vile vya zamani vya silikoni kabaidi. (Ukikibadilisha mwenyewe, usikishike kwa vidole sehemu inayoiva, kwani mafuta ya ngozi hukipasua.) Swichi ya shinikizo hufa, au huonekana imekufa kumbe bomba la kutolea moshi limezibwa na theluji huko nje. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokuambia tanuru limefika mwisho. Tanuru la miaka 18 lenye kiwashio kilichovunjika ni tanuru linalohitaji kiwashio.

Kiwashio chetu kilivunjika mwaka uliofuata. Baadaye feni ndogo ya moshi ikaanza kulia kama mlango wenye kutu kila inapoanza, na hiyo haikuwa rahisi. Mota na kasha lake huuzwa pamoja. Mume wangu akasema sasa tunatupa pesa shimoni. Mimi nikataka kuona hesabu. Mafundi wengi wana kanuni yao: tanuru likishavuka robo tatu ya umri wake wa kawaida, na matengenezo yanayotakiwa yamefika nusu ya bei ya kufunga jipya, acha kutengeneza. Ninaikubali, ila ninaongeza jambo moja. Usihesabu bili ya leo peke yake. Jumlisha na za misimu miwili mitatu iliyopita. Bili ndogo ndogo zina tabia ya kusahaulika, na ukiziandika kwenye daftari moja ndipo unapoona mwelekeo. Zetu zilikuwa bado hazijafika theluthi ya bei ya tanuru jipya. Tukabadilisha mota kwa shingo upande.

Sasa nifike kwenye kisa kilichotunyima usingizi.

Vuli moja tulipata tangazo la ukaguzi wa bei ya chee, tukaita. Kijana aliyekuja alikaa chini huko kwa muda mfupi, akapanda akiwa na sura ya msiba. Akasema kibadilisha joto kina ufa, hewa ya sumu inaweza kuingia vyumbani wakati wowote. Alikuwa ameshafunga gesi na kubandika karatasi nyekundu kwenye tanuru. Kisha akatoa mkataba: tanuru jipya kesho, malipo ya mkopo, punguzo la leo tu.

Mtu asikuambie utakuwa na akili timamu dakika hiyo. Hewa hiyo ya sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani zilezile za mafua, isipokuwa mtu hupata nafuu akitoka nje ya nyumba. Nilianza kukumbuka kila siku ambayo mtoto aliwahi kulalamika kichwa. Kalamu niliishika. Kilichoniokoa ni mume wangu kuuliza tu: "Ufa wenyewe uko wapi?" Kijana akaonyesha kwa kidole gizani, akasema pale ndani, huwezi kuuona vizuri. Hatukutia sahihi.

Lakini hatukuliwasha tanuru pia, na hapa ninasisitiza. Ukishaambiwa kuna ufa, hata kama unamshuku aliyekuambia, liache limezimwa hadi mwingine alikague. Usiku huo tulilala wote vyumba viwili, kila kimoja na hita ya umeme iliyochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuongezea. Tuliacha mabomba yadondoshe maji kidogo kidogo na tukafungua makabati ya chini ya sinki ili maji yasigande. Jiko la gesi halikuguswa kwa ajili ya kupasha nyumba, achilia mbali jiko la mkaa. Watu wamekufa hivyo.

Mtu wa pili tuliyemwita ni mzee mwenye leseni yake, anayefanya kazi hii tangu ujana, naye ni wa kwetu, mzungumzaji wa lugha hii. Nilipomaliza shikamoo na kumweleza, aliuliza, "Mwanangu, alikuonyesha?"

"Hapana mzee, alinipa karatasi."

"Basi hujaonyeshwa kitu."

Alifungua sehemu ya vichomeo, akaingiza kamera ndogo iliyo kwenye waya laini, akanipa skrini niishike mwenyewe. Alipita chemba moja baada ya nyingine. Mahali kijana alipoonyesha palikuwa na mstari kweli, ila ulikuwa umenyooka, na kila chemba ilikuwa nao palepale: mshono wa kiwandani. Kisha akarudisha kila kitu, akaliwasha, akaniambia nitazame ndimi za moto feni kubwa inapoanza. Zilikuwa za bluu, zimesimama, hazikutikisika. Akapima moshi kwa kifaa chake, akapima na hewa inayoingia vyumbani. Hapakuwa na ufa.

Kipimo hicho cha kuangalia moto ukikielewa hutakisahau. Feni kubwa inaposukuma hewa nje ya chemba, hewa hiyo haina njia ya kufika kwenye moto. Kama moto ulikuwa umetulia, na mara feni inapoanza unayumba, unainama au unageuka manjano, kuna mahali hewa inapenya. Kuyumba huko hakutoshi kuwa hukumu, kwa sababu moto huweza kuyumba kwa sababu nyingine, na ufa mdogo huweza usijionyeshe hivyo. Lakini kunatosha kukufanya uite kamera. Rangi peke yake pia isikudanganye wala kukutia hofu: vumbi au unyevu wa mashine ya kuongeza mvuke chumbani huweza kuupa moto miale ya rangi ya machungwa inayopita. Manjano yanayodumu ndiyo ya kutilia shaka.

Na kengele za kaboni monoksidi. Tulikuwa na moja, imefikisha umri ambao sensa yake haiaminiki tena. Nyingi zina muda wa miaka 5 hadi 10, umeandikwa nyuma. Weka moja kila ghorofa na moja karibu na vyumba vya kulala. Ujue pia kwamba kwa viwango vinavyotumika sana Marekani, kengele ya kawaida haitakiwi kupiga kelele mara moja kwa kiasi kidogo. Hewa ikiwa na sehemu 70 za gesi hiyo kwa milioni, kengele inaruhusiwa kungoja kwa muda wa saa 1 hadi 4. Ikiwa 400, lazima ilie ndani ya dakika 4 hadi 15. Kwa hiyo kengele iliyonyamaza si hati ya kwamba tanuru ni zima. Zipo zenye skrini inayoonyesha hata kiasi kidogo, na kwa nyumba yenye wazee au mtoto mchanga mimi ningenunua hiyo.

Mzee hakuondoka na habari njema tupu. Aliniuliza kwa nini chupa za dawa ya kung'arishia nguo zimepangwa kando ya tanuru. Wenye nyumba wa kwanza walikuwa na rafu pale, nasi tukaendeleza. Mivuke ya klorini ikivutwa kwenye moto hutengeneza asidi, na asidi hula chuma cha chemba. Rangi, viyeyushi na dawa za bwawa ni vivyo hivyo. Kutu ilikuwa imeshaanza.

Halafu akanionyesha jambo ambalo ndilo kiini cha simulizi hii. Tulikaa tukisikiliza tanuru. Liliwaka, dakika nne tano likazima. Likapumzika. Likawaka tena. Mimi nilikuwa nikiona ni mashine yenye nguvu, inapasha haraka. Kumbe tanuru lile lilikuwa kubwa mno kwa nyumba yetu, na njia za hewa zilikuwa nyembamba mno kwa tanuru lile. Kila linapowaka chuma hutanuka, kila linapozima hunywea, na ni kutanuka na kunywea huko kunakokichosha hadi kipasuke, hasa kwenye mikunjo. Tanuru la kipimo sahihi, siku ya baridi kali kabisa, karibu halipumziki. Hewa nayo isipopita ya kutosha, kwa sababu ya njia nyembamba au filta iliyoziba, joto hurundikana kwenye chemba mpaka swichi ya usalama inazima moto. Tanuru la miaka 10 lililoishi hivyo linaweza kuwa limechoka kuliko la miaka 25 lililofungwa na mtu aliyepima. Ndiyo maana simwamini tena anayetaja miaka peke yake, awe anataka kuniuzia jipya au kunifariji kwa la zamani.

Filta iliyokuwemo ilikuwa ya inchi moja, iliyobanana ya kuchuja vumbi jembamba sana. Kwenye njia nyembamba, filta kama hiyo inaliziba tanuru pumzi. Mzee akatuwekea ya kiwango cha chini kidogo, akatuambia tuiangalie kila mwezi wakati wa baridi na tusiivushe miezi mitatu. Rafu ya dawa ikahamishwa siku hiyohiyo.

"Mna msimu mmoja, pengine miwili," alisema. "Tafuteni bei sasa, wakati hamna shida." Na hicho ndicho tulichokifanya, majira ya kuchipua, mafundi wakiwa hawana foleni.

Kutafuta bei kulinifunza kuwapima watu. Wawili walishuka chini, wakasoma kibandiko cha tanuru la zamani, wakaandika namba ileile kwenye makadirio yao. Yaani kosa la mtu aliyelifunga la zamani lilikuwa linarudiwa kwa bei mpya. Mmoja ndiye aliyetembea vyumbani na futi mkononi, akapima madirisha, akapanda darini kutazama insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto lisipotee, akauliza ni chumba kipi hakipati joto. Hesabu hiyo ya upotevu wa joto, ambayo Marekani inajulikana kama Manual J, ndiyo inayotoa ukubwa wa tanuru. Lililopendekezwa lilikuwa dogo karibu theluthi kuliko la zamani. Mume wangu aliogopa tutaganda. Uliza swali hili kwa kila anayekupa bei: umepataje ukubwa huu? Akijibu kwa kukisia kutokana na eneo la sakafu, mshukuru na umsindikize.

Juu ya ufanisi, kipimo ni AFUE. Tanuru la AFUE 80 hugeuza sehemu 80 kati ya 100 za gesi kuwa joto la nyumba kwa mwaka, zinazobaki hutoka na moshi. Yale ya zamani yenye kimoto kisichozimika yalikuwa chini hata ya 70. Ya kisasa yanayopoza mvuke wa moshi hadi uwe maji yanafika 90 hadi 98. Kanada haikubali tena tanuru jipya la nyumbani lililo chini ya 95 tangu 2019. Wauzaji watakuahidi nusu ya bili. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka 80 kwenda 96, gesi ya kupasha nyumba hupungua kwa sehemu moja kati ya sita. Ni nzuri, hasa penye baridi ndefu, lakini si nusu.

Kuna gharama zinazojificha kwenye badiliko hilo. Tanuru la ufanisi wa juu halitumii dohani. Hutoa moshi uliopoa kwa bomba la plastiki kupitia ukutani, na hutoa maji yenye asidi kidogo yanayohitaji mfereji wake. Kama chombo cha kuchemshia maji ya kuoga kilikuwa kinashirikiana dohani na tanuru, sasa kinabaki peke yake kwenye dohani kubwa na baridi, moshi wake unapoa njiani na kukosa nguvu ya kupanda, na unaweza kurudi ndani. Dohani inabidi iwekewe bomba jembamba ndani, au chombo hicho nacho kibadilishwe. Makadirio mawili kati ya yale tuliyopewa hayakulitaja jambo hili kabisa. Kazi hii ilituongezea gharama, na nilinung'unika, lakini ni bora niione kwenye karatasi kuliko niilipe katikati ya kazi.

Tulifikiria pia pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani. Kwa wenye umeme wa bei nafuu na baridi ya wastani ningesema waipigie hesabu kwanza, hasa kama kiyoyozi nacho kimezeeka, kwa kuwa kiyoyozi na tanuru hutumia feni moja na mara nyingi ni nafuu kuvibadilisha kwa pamoja. Kwetu kiyoyozi kilikuwa kipya na umeme ghali, tukabaki na gesi.

Tulikata shauri kumtumia yule aliyepima, tukamwambia hatufungi bado. Karatasi ikawekwa kwenye droo.

Mwishoni mwa msimu uliofuata niliteremka kubadilisha filta, nikakaa kutazama likiwaka, mazoea niliyoyachukua kwa mzee. Feni kubwa ilipoanza, moto wa chemba ya tatu uliinama, ukalamba pembeni, ukawa na ncha za manjano. Nililizima. Safari hii kamera ilipoingia, mimi mwenyewe niliuona ufa kabla sijaambiwa: mstari mweusi wenye makali, umepinda kufuata mkunjo, pembeni yake kutu imemenyuka kwa magamba. Chemba nyingine hazikuwa nao. Ufa peke yake hautengenezi sumu; sumu hutokea moto unapoungua vibaya, na hewa inayopenya kupitia ufa ndiyo inayouharibu moto. Hakuna wa kuuziba kwa gundi wala kwa kulehemu. Kibadilisha joto chenyewe huweza kubadilishwa, na waranti nyingi hukilipia kwa miaka 20 au zaidi, lakini waranti hulipa chuma, kazi unalipa wewe, na kazi hiyo ni ya kulivunja tanuru zima. Kwa la miaka ile haikuwa na maana.

Sikuwa na hofu kama mara ya kwanza. Droo ilifunguliwa, simu ikapigwa, hita za umeme zikashikilia siku chache, na bei ilikuwa ileile tuliyokubaliana.

Siku ya kufunga, kaa nyumbani. Kibali kiwepo na mkaguzi aje; mwenye kukuambia kibali hakina haja anakukinga na nini? Viungo vya gesi vipimwe kwa povu la sabuni mbele yako. Mwambie fundi akuandikie vipimo vya kuanzia: shinikizo la gesi, shinikizo la hewa kwenye njia, na tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka, ambayo lazima iangukie kati ya namba mbili zilizo kwenye kibandiko. Aliyefunga la kwetu aligundua tofauti imekaribia ukomo wa juu, akapanua njia ya hewa inayorudi kabla hajaondoka. Asingepima, tungeanza upya safari ileile. Sajili waranti mapema. Watengenezaji wengi hutaka ndani ya siku 60 au 90, na usipofanya hivyo miaka 10 ya vipuri huweza kushuka kuwa 5. Sisi tuliisajili jioni ileile, kwenye simu, tukiwa bado tunafagia.

Hatukuganda. Linawaka kwa muda mrefu, polepole, na chumba cha nyuma ambacho hakikuwahi kupata joto sasa kinalalika.

Wiki iliyopita dada mmoja tunayefahamiana alinipigia, tanuru lake lina miaka 13 na ameambiwa alibadilishe kabla ya baridi. Nikamuuliza linafanyaje. Linawaka, linazima baada ya sekunde chache, linajaribu tena. Nikamuuliza moto unafanyaje feni ikianza. Akashuka na simu mkononi akaangalia: bluu, umetulia kwa sekunde zile chache unazowaka. Kamera bado aiite, nilimwambia, na bei aanze kuzikusanya taratibu, lakini kwanza amwombe fundi achomoe kile kijiti cha sensa akisugue.